Maporomoko ya Mheshimiwa Pankrasi

Katika Jamhuri ya Afadhali wivu haupo. Ulipigwa marufuku kwa tamko la Rais siku ile ile ulipopigwa marufuku ukame, na vyote viwili vimekuwa vikitii kadiri vinavyoweza. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba Mheshimiwa Pankrasi Ndulilo, Waziri wa Maji, alimwonea wivu jirani yake, mwambie akome. Mheshimiwa hakuwa na wivu. Chakula tu kilikuwa hakishuki, na kila alipopita kando ya ukuta uliomtenganisha na jirani huyo alisimama, akashika kiuno, akapumua kwa pua kama ng'ombe aliyeona mahindi ya shamba la watu.

Jirani mwenyewe alikuwa Mheshimiwa Akilimali, Waziri wa Furaha ya Taifa. Waliishi Kilima Heshima, juu ya mji mkuu wa Nafuu, nyumba ikipakana na nyumba. Walikuwa wamekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, na tangu darasa la kwanza Akilimali alikuwa mtu wa kupata asichokitafuta. Pankrasi alikesha na vitabu mpaka macho yakawa mekundu kama ya mvuvi wa dagaa. Akilimali alitazama dari, akafaulu. Pankrasi alimposa Apolinaria kwa jasho na kwa wazee wa kila upande. Siku ya harusi bibi harusi alicheka mara moja tu, na mzaha wenyewe ulikuwa wa Akilimali. Hata cheo cha uwaziri, Pankrasi alikiomba na kukiombea. Akilimali alipigiwa simu akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa.

Kitu kimoja tu Pankrasi alikuwa nacho ambacho mwenzake hakuwa nacho, nacho ni Jumapili. Kila Jumapili baada ya ibada msafara wa Rais ulipanda kilima, ukafika njia panda, ukakata kushoto kwa Pankrasi. Mtukufu Rais, Baba wa Masika na Kiangazi, aliketi barazani, akanywa uji wa ulezi, akapiga mbweu, akaondoka. Hakuwa akisema neno. Lakini mbweu ule ulisikika kilima kizima, na kila baraza la mawaziri lilipopanguliwa, wakuu waliulizana: "Jumapili alibeua kwa nani?" Wakijibiwa kwamba kwa Pankrasi, basi Wizara ya Maji haikuguswa, ingawa maji yenyewe yalikuwa yameacha kuguswa na watu siku nyingi.

Ndipo upepo ukang'oa mti wa kivuli nyumbani kwa Akilimali.

Mti uliacha shimo. Mtu mwingine angelifukia. Akilimali aliliangalia shimo, akaona uvivu, akaingia ndani kula. Mvua ikanyesha, shimo likajaa. Mkewe akatupia humo kipande cha yungiyungi alichokiokota safarini. Akilimali akaona pembeni kuna mawe yaliyobaki kwenye ujenzi wa jiko, akayapanga kizembezembe, akapitisha mpira na pampu ndogo, maji yakawa yanadondoka taratibu kutoka jiwe hadi jiwe, kama mtu anayemnawisha mgeni mikono. Kazi yote ilimchukua muda wa kusubiri wali uive.

Na viumbe wakaja. Nani aliwaambia, hajulikani. Walianza kereng'ende, wekundu na wa buluu, wakisimama hewani kama mawazo. Akafuata ndege mdiria, akawa anakaa juu ya kamba ya kuanikia nguo akitazama maji kwa makini kuliko kamati yoyote ya bunge. Halafu wakaja vyura. Vyura wa Akilimali hawakuwa na adabu ya Kilima Heshima; walianza kuimba saa yoyote mvua ilipotishia, na wakishaanza hawakuwa na kiitikio cha kumalizia.

Jumapili moja msafara ulifika njia panda. Dereva alikwisha anza kukata kushoto.

"Simama," alisema Rais. "Nani wanaimba?"

Ndani ya gari hakuna aliyethubutu kusema ni vyura, maana hakuna aliyejua kama vyura wana kibali.

"Ni wananchi, Mtukufu," alisema mpambe.

"Wanaimba nini?"

"Wanakushukuru."

"Nataka kuwaona."

Gari likakata kulia. Rais alipelekwa mpaka ukingoni mwa kidimbwi, akakuta hakuna wananchi, akawekewa kiti cha plastiki, kwa kuwa Akilimali hakuwa amejiandaa na kingine. Akaketi. Maji yakadondoka. Kereng'ende mmoja akatua juu ya kofia yake. Na Rais wa Afadhali, ambaye taifa lilikuwa halijawahi kumwona akilala nje ya mikutano ya kimataifa, akalala fofofo, mdomo wazi, mikono ikining'inia. Walinzi walivua viatu wasimwamshe. Alipozinduka alasiri, alimshika Akilimali bega, akasema maneno yaliyotangazwa baadaye katika taarifa zote za habari: "Hapa nimepumzika."

Ng'ambo ya ukuta, uji wa ulezi wa Pankrasi ulikuwa umeshika utandu.

*

Tangu siku hiyo msafara ulikata kulia.

Pankrasi aliendelea kupika uji kila Jumapili, kwa sababu mtu hajui. Alivaa suti, akakaa barazani, akasikiliza ving'ora vikipanda kilima, na moyo wake ukapanda navyo. Vilipofika njia panda alifumba macho. Kisha alisikia matairi yakigeukia kule, na mlango wa geti la Akilimali ukifunguka na mlio wake wa bawaba kavu, geti ambalo mwenye nyumba hakuwahi hata kulipaka mafuta kwa heshima ya mgeni.

"Apolinaria," alimwita mkewe, "unawasikia?"

"Nasikia vyura."

"Wanasema nini?"

"Vyura, baba, wanasema nini? Wanakoroma."

"Hapana. Sikiliza vizuri. Wale wadogo wanasema, Akili, Akili, Akili. Na yale majichura manene yanaitikia, Mali! Mali!"

Apolinaria alisikiliza. Kwa bahati mbaya ilikuwa kweli. Ukishaambiwa hivyo, huwezi tena kusikia kingine.

"Mume wangu," alisema kwa upole, "si twende tu tukakae nao? Jirani ametuita, na juzi kaniita tena. Mkewe kapika mihogo."

"Nikakae kwenye bwawa la mtu? Mimi?" Pankrasi alisimama, kijiko mkononi. "Mimi ndiye Waziri wa Maji! Kila tone katika nchi hii liko chini yangu, pamoja na yale aliyoyaiba yule kwa kisingizio cha mvua!"

Akanywa uji wa Rais mwenyewe, bakuli zima, umepoa. Akajaribu kupiga mbweu. Haukuja.

*

Mradi ulizinduliwa mbele ya waandishi wa habari. Uliitwa Mradi wa Kimkakati wa Kurejesha Viumbe Majini, na Waziri alieleza kwamba viumbe wa Afadhali wametelekezwa kwa muda mrefu na wajenzi holela wa vidimbwi vya uani. Mwandishi mmoja aliuliza kwa nini mradi wa taifa unajengwa nyumbani kwa Waziri. Waziri akamshukuru kwa swali zuri, na mwandishi akahamishiwa habari za michezo.

Mhandisi Mkuu alileta mchoro. Bwawa lilikuwa na upana wa uwanja wa mpira wa netiboli, limesakafiwa kwa saruji na vigae vya buluu, na juu yake kulikuwa na mwamba wa kutengenezwa wenye kimo cha ghorofa tatu, ambako maporomoko yangeshuka.

"Ila Mheshimiwa," alisema Mhandisi, "maporomoko ya kimo hiki yatataka maji."

"Hayo ni maoni."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Lakini mchoro nao una maoni hayo hayo."

Maji yalipatikana. Bomba kubwa lililopita chini ya kilima kwenda Mabondeni, mtaa wa mafundi na mama ntilie, lilikunjwa kidogo, likaelekezwa juu. Mabondeni mifereji ikakohoa, ikatema kutu, ikanyamaza. Siku ya pili Waziri alisimama redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "napenda kukanusha uvumi kwamba maji yamekatwa. Maji hayajakatwa. Maji yamepumzishwa. Maji ya Mabondeni yamefanya kazi tangu uhuru bila likizo hata moja, na serikali hii inajali haki za kila mtumishi."

Taarifa hiyo ilipokelewa kwa utulivu, hasa na wale ambao redio zao hazikuwa na betri.

Asiyetulia alikuwa Dada Fausta. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Waziri, aliyemlea baada ya wazazi kufariki, akamsomesha kwa vitumbua mpaka akawa huyo mheshimiwa. Alikuwa bado anapika vitumbua Mabondeni. Mara nyingi ameombwa ahamie kilimani, na kila mara amejibu kwamba upepo wa kule juu hauna habari yoyote. Siku hiyo alipanda kwa miguu, kanga nyekundu kichwani, akamkuta mdogo wake amesimama kwenye kifusi akielekeza winchi.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Panki, mfereji umekauka."

"Haujakauka, Dada. Umepumzika."

"Na mimi nipumzike kuoga?"

"Ni kwa muda mfupi tu. Ni mradi wa kimkakati."

"Wa nini?"

Pankrasi alifungua mdomo kusema habari za viumbe. Lakini tangu utoto hakuwahi kumdanganya mwanamke yule akafika mwisho wa sentensi.

"Rais haji tena kwangu," alisema, na sauti ikamkatika. "Anakwenda kwa Akilimali."

Dada Fausta alitazama mwamba, akatazama winchi, akamtazama yeye.

"Ndiyo hayo tu?"

"Dada, hujui linavyouma."

"Kwa nini nisijue? Ulipokuwa mdogo Akilimali aling'oka jino kabla yako. Ulilia siku nzima. Halafu ukalifunga la kwako kwa uzi kwenye mlango, ukaubamiza. Na jino lenyewe, Panki, lilikuwa halijaanza hata kutikisika." Akajifunga kanga vizuri. "Mimi ndiye niliyekuosha damu. Wakati huo maji yalikuwapo."

Akashuka kilima. Pankrasi alibaki akipapasa jino kwa ulimi, kisha akaamuru mwamba uongezwe kimo.

*

Maporomoko yalipofunguliwa vikombe vilicheza kabatini. Maji yalianguka kwa kishindo hata watu wa Mabondeni waliyasikia, na wengi wakasema ni jambo la faraja kujua kwamba maji yao ni mazima. Pankrasi alilowa mpaka kwenye soksi, akicheka kama mtoto. Akaagiza viti. Akaketi kusubiri viumbe.

Kereng'ende mmoja alikuja. Alizunguka bwawa, akanusa dawa ya maji, akatazama vigae, akaruka juu ya ukuta kwenda kwa Akilimali.

Hakuja mwingine.

Wizara ikatangaza zabuni ya vyura. Waliletwa kwa magunia, wakamwagwa bwawani kwa shangwe, na Katibu Mkuu akawasomea hotuba ya ukaribisho. Asubuhi bwawa lilikuwa tupu. Walikuwa wamepanda ukuta mmoja mmoja, wakaacha nyayo za unyevu kwenye chokaa, zote zikielekea upande mmoja. Pankrasi akainua ukuta. Waliofuata walipita kwenye mtaro. Akaziba mtaro. Basi likaja kundi la tatu, likakaa juu ya vigae bila kusema lolote, likimtazama, mpaka yeye mwenyewe akaona haya akawafungulia geti.

Kiangazi kilikuwa kimepamba moto, na upande wa pili wa ukuta kwaya ilikuwa imepata waimbaji wapya. Akili, Akili, Akili. Mali! Alizijua sauti zao. Aliwalipia nauli.

Suala likafikishwa Baraza la Mawaziri, chini ya kichwa Utoroshwaji wa Viumbe vya Umma. Pankrasi alisema mpaka povu likamtoka. Waziri wa Sheria akaombwa atoe mwongozo.

"Suala hili ni tata," alisema Waziri wa Sheria, akivua miwani. "Chura akiwa majini ni wa Wizara ya Maji. Akiwa nchi kavu ni wa Wizara ya Ardhi. Na akiwa hewani, katikati ya kuruka, bila shaka yoyote ni wa Wizara ya Uchukuzi. Kwa hiyo ili tumhukumu Mheshimiwa Akilimali, lazima kwanza tujue vyura hawa walifika kwake wakiwa nani."

"Mimi sikuwaita," alisema Akilimali. "Mheshimiwa akiwataka, geti langu liko wazi. Nimewaambia waende. Hawaendi."

"Amewaambia!" Pankrasi alipiga meza. "Mtukufu, umesikia? Wanaongea!"

Rais, ambaye alikuwa akifuatilia kikao kwa macho yaliyofumba, alifumbua moja. Ifahamike kwamba Rais wa Afadhali husemea kipaza sauti hata akiomba chumvi, hivyo kila neno lake hufika mpaka barabarani.

"PANKRASI. UNA MAPOROMOKO?"

"Makubwa, Mtukufu!"

"NA VIUMBE WAPO?"

Akilimali alimtazama rafiki yake, akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayemwonya mwenzake asikanyage pabovu.

Lau asingetikisa kichwa.

"Tele, Mtukufu," alisema Pankrasi. "Hata pa kukanyaga hakuna."

"JUMAPILI NITAKUJA."

*

Maandalizi yalifanywa kama ya vita. Mabata ya kukodi yalifungwa mguu kwa mguu yasitawanyike. Korongo wa plastiki walichomekwa kwenye mafunjo yaliyochomekwa kwenye ndoo za mchanga. Sauti ya vyura ilikabidhiwa watumishi wa Wizara, waliojipanga nyuma ya mafunjo kwa vyeo: makarani wakilia nyembamba, na Mkurugenzi wa Majitaka, kwa ukubwa wa kifua chake, akiitikia besi. Walikatazwa kabisa kutamka kitu chochote kinachofanana na Akili wala Mali.

Jumamosi jioni Akilimali aliegemea ukutani, sehemu ambayo haikuwa imeinuliwa bado.

"Panki, ndugu yangu. Chukua ndoo ya viluwiluwi kwangu. Na yungiyungi moja. Toa hivyo vigae, weka udongo kidogo, watakuja tu. Hata mimi Jumapili zangu zimekuwa taabu. Mke wangu hawezi kufua."

Alisema kwa nia njema, na hilo ndilo lililochoma. Pankrasi angeweza kuvumilia kejeli. Angeweza hata kuifurahia. Lakini mtu anakupora Rais wako, halafu anakupa viluwiluwi!

"Ahsante," alisema. "Wangu wamekwisha kuwa wakubwa."

Asubuhi ya Jumapili alikwenda mwenyewe getini, akawaambia walinzi kwa ukali: "Nisikilizeni. Kiumbe chochote kitakachokuja hapa leo, chochote kile, kisizuiwe. Kifunguliwe geti, kiende majini. Mmeelewa?"

"Chochote, Mheshimiwa?"

"Chochote!"

Ving'ora vikapanda kilima. Vikafika njia panda. Pankrasi alifumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu masika, msafara ukakata kushoto. Machozi yalimtoka waziwazi, akasingizia manyunyu.

Rais aliketi kwenye kiti cha enzi kilichopakwa dhahabu. Akatazama maporomoko. Nyuma ya mafunjo vyura wa Wizara walianza vizuri, kisha karani mmoja akakohoa, Mkurugenzi akampigia kelele ya "shii," na korongo wa plastiki akaanguka kifudifudi majini, akaelea. Mabata, yaliyotaka kwenda pande mbili kwa wakati mmoja, yalizunguka palepale kwa hasira.

"VYURA WAKO WANA MAFUA," alisema Rais.

Upande wa pili wa ukuta, kwa utulivu wa watu wasiotafuta cheo, wale wa kweli wakaanza kuimba. Rais aligeuza shingo. Akashika mikono ya kiti, akainuka nusu. Pankrasi aliona Jumapili zake zote zilizobaki duniani zikiinuka pamoja naye.

Hapo geti likafunguka.

Waliingia watu wa Mabondeni. Walikuwa wameyasikia maji yakinguruma juu yao tangu yafunguliwe, na siku hiyo visima vyao vya kuchimba vilikuwa vimeanza kutoa tope. Wakaja na ndoo, madumu, masufuria, beseni za kuogeshea watoto. Mbele yao alitangulia mwanamke mwenye kanga nyekundu. Walinzi, waliokuwa wamepokea amri asubuhi ile ile, waliwapisha kwa saluti. Watu hawakumsalimu yeyote. Waliinama ukingoni pamoja, migongo ikipanda na kushuka, ndoo zikigugumia, watoto wakatumbukia na nguo zao wakipiga kelele za raha, na kina mama wakanawa nyuso, wakacheka kwa sauti.

Rais alirudi kukaa.

"HAWA NI NINI?"

Pankrasi aliuona mlango wa kuponea, na akili yake, ambayo maisha yake yote ilikuwa ikichelewa hatua moja nyuma ya Akilimali, siku hiyo ilifika kwanza.

"Viumbe, Mtukufu. Si nilisema wapo tele?"

"WANAKUJA WENYEWE?"

"Wenyewe kabisa. Hatuwaleti."

"WA AKILIMALI HUJIFICHA NIKIKOHOA." Rais akakohoa kwa kujaribu. Hakuna aliyeinua kichwa. "HAWA HAWAJIFICHI." Akainama mbele, amefurahi. "NA YULE MWENYE KANGA NYEKUNDU? YULE ALIYETANGULIA?"

Dada Fausta alikuwa amejitwika ndoo tayari. Kipaza sauti kilikuwa kimewafikia wote. Alisimama, maji yakimchuruzika kwenye kidevu, akamtazama mdogo wake, akamngoja.

Pankrasi aligeuza uso kwa Rais.

"Yule, Mtukufu," alisema, "ndiye... ndiye huongoza kundi."

Dada Fausta alisubiri kidogo zaidi, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kumalizia. Kisha akageuka, akaondoka na ndoo yake bila kumwaga tone.

Rais alilala mpaka alasiri. Na Pankrasi, Mungu amsamehe, hakumfuata dada yake. Aligeuka kutazama ukutani, kuona kama Akilimali ameona. Akilimali alikuwa amesimama hapo, uso umekunjamana. Ilikuwa huzuni tu, lakini kwa mbali huzuni na wivu hufanana, na Pankrasi akachagua alichotaka kuona. Siku hiyo chakula kilishuka.

*

Furaha ile haikufika masika. Rais alirudi Ikulu, akawaza, akajiuliza kwa nini kiumbe mzuri namna ile akae kwa waziri. Tamko likatoka. Maporomoko yakajengwa kutoka paa la Ikulu mpaka bustanini, na ili viumbe waje kwa wingi unaostahili nchi, ikaagizwa maji ya taifa zima yapumzishwe. Aliyelitangaza alikuwa Waziri wa Maji mwenyewe, akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Maporomoko ya Kilima Heshima yalipungua, yakawa uzi, yakawa unyevu, yakawa doa. Jumapili Pankrasi aliketi barazani. Hakukuwa na ving'ora. Upepo ulileta kutoka bonde la Ikulu mgongano wa ndoo, maelfu kwa maelfu, na vicheko vya watoto, na akahisi lile jino la moyoni likivutwa tena. Sasa alimwonea wivu Rais, jambo ambalo katika sheria za Afadhali lina kifungu chake na gereza lake.

"Baba," alisema Apolinaria kutoka jikoni, "nyumba hii haina hata maji ya kukorogea uji. Dereva kaenda foleni ya maji Ikulu tangu jana hajarudi." Akamkabidhi ndoo.

Pankrasi akavaa tai. Mtu haendi Ikulu bila tai.

Foleni ilizunguka ukuta wa Ikulu, ikapita bendera, ikashuka mpaka ukingoni mwa bwawa. Alipokaribia maji aliona kanga nyekundu mbele yake.

"Dada," alisema.

Dada Fausta aligeuka. "Ndoo hiyo umeishika kama mkoba."

"Dada, siku ile, pale bwawani, mimi nilikuwa..."

"Pita mbele yangu. Una ndoo moja tu."

Akapita. Juu yao, barazani, Rais alikuwa ameketi na kipaza sauti chake. Pembeni yake, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa Akilimali, aliyeitwa aeleze kama viumbe wana furaha.

"AKILIMALI. YULE MWENYE TAI NI WA AINA GANI?"

Bonde zima lilimtazama mwenye tai. Akilimali akainuka kitini ili aone vizuri, na alipoona, uso ukamshuka.

"Yule ni rafiki yangu, Mtukufu," alisema. "Tumesoma naye."

"KUMBE WANASOMA?" Rais alicheka sana, akajifuta macho. "LAKINI SI MZURI SANA. HUYU WA NYUMA YAKE NDIYE. HUYU MWENYE KANGA. HUYU NAMJUA." Na akampungia mkono.

Dada Fausta hakuona. Alikuwa anakaza kifuniko cha dumu.

Pankrasi aliona. Alimtazama dada yake, akatazama kanga, akatazama jinsi alivyonyoosha shingo. Akachota maji haraka, ndoo ikajaa mpaka ukingo, akaiinua kwa mikono miwili, akajitwika kichwani kama alivyomwona yeye akifanya. Maji yalimwagika yakaingia kwenye kola, yakashuka mgongoni. Akanyoosha shingo. Akageukia barazani, kidevu juu.

Rais alikuwa amelala.

"Panki," alisema Dada Fausta, akishika njia. "Amelala huyo. Twende."

"Ngoja kidogo, Dada," alisema Waziri wa Maji, akiishikilia ndoo isitikisike. "Huenda akaamka."